Mwaka Ambao Msimu Haukuja: Pesa Niliyoishika na Pesa Niliyoiachia

Sisi tunaoishi Moshi kwa riziki ya mlima tuna kalenda yetu. Januari hadi Machi wageni wanapanda, Aprili na Mei masika yanafunga kila kitu, Juni magari ya kampuni yanaanza tena kupita kuelekea malango ya mlima ya Machame na Marangu. Mume wangu anaongoza wageni Kilimanjaro, mimi nina duka la rejareja mtaa wa Majengo, na wateja wangu wengi ni wagumu, yaani wale wanaobeba mizigo ya wageni. Kuweka pesa ya kula miezi miwili ya mvua kwetu si elimu ya fedha, ni desturi. Njaa yetu ilikuwa na tarehe.

Mwaka 2020 tarehe ikapotea. Machi 16 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, abiria aliyeingilia uwanja wetu wa ndege, KIA. Shule na vyuo vikafungwa wiki hiyo hiyo, na katikati ya Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 hawakufika hata laki 6 na nusu. Hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Rwanda na Uganda, duka nilifungua kila siku. Aliyekosekana ni mtu mwenye hela.

Kila aliyekuja dukani alikuwa na ushauri ule ule: mama, shika pesa, usitoe hata mia. Nilishika, lakini si yote, na nieleze kwa nini.

Kwanza nilitazama bei. Ukiondoa sukari, ambayo Aprili ile ya kuelekea Ramadhani ilipaa mpaka serikali ikatoa bei elekezi za mikoa, vitu vingine vilitulia. Mfumuko wa bei mwaka ule ulikuwa kama asilimia 3.3 tu. Maana yake noti iliyokaa kwenye simu yangu Aprili ingenunua karibu unga ule ule Agosti. Kwa hiyo sikuwa na haraka ya kujaza stoo, na sukari sikuifukuzia. Nilitenga pesa ya chakula na kodi ya nyumba ya kututosha hadi mwisho wa mwaka, nikamwambia mume wangu hiyo haiguswi hata kwa msiba wa mbali. Alicheka, akakubali.

Pesa ya pili ilikwishatoka mapema. Tuna kipande cha shamba tambarare, chini ya barabara kubwa, ambacho miaka yote tulikodisha kwa sababu baba watoto alikuwa mlimani. Wageni walipoanza kufuta safari tukanunua mbegu ya mahindi na maharage, tukalipa trekta, tukapanda na mvua za kwanza. Shemeji yangu alituona vichaa, kutoa pesa wakati watu wanaficha. Lakini masika hayasubiri mtu atulize mawazo.

Halafu mkopo. Nilikuwa nadaiwa na benki moja mjini, mkopo wa duka. Mei 12 Benki Kuu ilitangaza hatua za kulegeza hali, mojawapo ikiwa ni kuwaruhusu wakopeshaji wapange upya mikopo ya wateja walioyumba. Nilikwenda. Afisa akaniambia hayo ni ya wenye mahoteli, si ya wenye maduka. Nikamwomba aniandikie hivyo kwenye karatasi na kuipiga mhuri. Hakuandika. Niliporudi na daftari la mauzo, mwezi kwa mwezi, tukakubaliana nilipe riba tu hadi Septemba. Watu wengi mtaani walipata taabu kwa kujificha na kuzima simu, na anayezima simu huongezewa faini kimya kimya.

Kwa nini sikuumaliza mkopo kwa ile akiba, wakati hesabu ilinisuta? Mkopo wangu ulikula asilimia 18 kwa mwaka, akaunti ya akiba ilikuwa inatoa kama asilimia 2. Kwa karatasi, kulipa deni ndiyo akiba bora kuliko zote. Ila pesa ukishairudisha benki, siku mtoto akiugua hawakurudishii. Nililipa deni kwa ziada tu, pesa ya chakula ikakaa.

Sasa niseme ya kaunta, maana hapo ndipo nilipoona mambo. Kufikia Mei hakuna aliyenunua kilo. Sukari robo, mafuta ya kupima ya mia tano, dagaa wa kufungwa kwenye kikaratasi. Mche wa sabuni niliokuwa nakata vipande vinne nikaanza kukata vinane, kisu nimekipasha moto kidogo ili usimeguke. Na mwenye duka hupata faida kubwa zaidi hapo, tusidanganyane: mtu akinunua robo nne kwa siku nne, amenilipa kuliko yule wa kilo. Nilikuwa nawaambia akina mama wa mtaani, changeni wanne mnunue kiroba cha kilo 25 mgawane, hata kama mimi napoteza. Wachache walifanya. Wengine hawakuaminiana.

Nyumbani kwangu nilikata king'amuzi, bodaboda, na nguo za sikukuu. Pesa ya kusuka nywele sikuikata. Dada wa saluni jirani hunywa chai ya dukani kwangu, hununua mkate, sabuni, vocha, na msichana anayemsaidia naye vivyo hivyo. Nikiacha kusuka mimi na wenzangu watano, atafunga, na mimi nimepoteza wateja wawili wa kila siku. Nikawa nasuka twende kilioni badala ya rasta, bei ikashuka, mikono yake ikaendelea kufanya kazi. Kipimo changu kikawa hicho: pesa inayokwenda mbali naikata, pesa inayoishia mtaani naiacha itembee.

Mdogo wangu alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Ushirika hapa hapa Moshi, chuo kimefungwa, akawa ananisaidia kupima unga. Aliponiona nasuka akafurahi kama amepata mtihani alioukariri. Akanisimulia habari za mchumi wa Kiingereza, Keynes, aliyesema redioni mwaka 1931, wakati wa mdororo mkubwa, kwamba kila unapoweka akiba shilingi tano unamkosesha mtu kazi ya siku moja, na kuwahimiza akina mama waende madukani. Shilingi, neno lile lile! Nikamwambia huyo bwana alisema kweli, lakini hakuwa na daftari la madeni kama langu. Aliyetumwa dukani na Keynes alikuwa na mshahara au mume mwenye mshahara. Mgumu wa Majengo, ambaye kipato chake ni siku za mlima na bakshishi ya siku ya mwisho, ukimwambia atumie unamwambia akope. Wa kutumia ni mwenye nacho, na mwaka ule wenye nacho ndio waliofunga mikoba zaidi.

Daftari lenyewe lilinipa kazi. Mteja mmoja, mgumu wa siku nyingi, alikuja jioni nafunga.

"Shikamoo mama Nuru. Nina friji ndogo, nzima kabisa. Chukua, uniondolee deni na unipe elfu 80."

Deni lake halikufika elfu 60. Friji kama ile mpya ilikuwa zaidi ya laki 4. Mtaani siku zile vitu vilikuwa vinauzwa hivyo, pikipiki, mahema, majiko ya gesi, na mwenye noti alikuwa mfalme. Nilihitaji friji ya maji na soda. Mume wangu akasema tusimpunje, kesho atakutana naye Machame. Nikamfutia deni, nikampa laki moja na nusu kwa mafungu mawili, na maneno kwamba akipata safari ndani ya mwaka anaweza kuikomboa kwa bei hiyo hiyo. Hakuikomboa, na friji bado inafanya kazi.

Agosti tulivuna. Magunia tuliyopata hayakututajirisha, ila sikununua unga wa nyumbani hadi mwaka uliofuata, na pesa ile ya chakula nikaipeleka kwenye mkopo.

Shida ya 2022 ilikuja kwa mlango mwingine. Watalii walikuwa wamerudi, zaidi ya milioni 1.4 mwaka ule, baba watoto akawa hashuki mlimani. Lakini mafuta ya kula yakapanda wiki hadi wiki, petroli ikapanda hadi serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni. Wateja walikuwepo, bei ndiyo ilikuwa inakimbia. Hapo yale ya 2020 nikayageuza: pesa taslimu nikabaki nayo kidogo, nikanunua madumu ya mafuta ya lita 20 kila nilipopata, mchele nikauchukua kwa gunia. Kukaa na noti wakati ule kulikuwa kupoteza.

Kitu kimoja tu sikukikimbilia, mbolea. Mfuko wa kilo 50 ulikuwa umevuka laki moja, na majirani walinunua kwa kuogopa kwamba utafika laki 2. Mume wangu alisema tungoje, ruzuku imetangazwa. Tukajiandikisha kwa ofisa wa kijiji, na kwa masika ya 2023 tukanunua kwa kama elfu 70.