Ukisakinisha programu, tua kwenye kile kisanduku

Shangazi yangu wa Kuze, Mombasa, anauza mabuibui, na siku hizi hesabu zake zote zimo kwenye laptopu. Skrini ilikuwa imejaa ikoni hadi nyuso za wajukuu hazionekani, na faili la madeni ya wateja akilitafuta kwa kidole, safu baada ya safu.

Nyingi hakuziweka kwa kutaka. Ukisakinisha programu kwenye Windows, mara nyingi hupita ukurasa wenye kisanduku kilichotiwa tiki tayari, kwamba ikoni iwekwe kwenye desktopu. Anayeanza hubonyeza Next, Next, Finish, mbio mbio. Kila ninayemfundisha humwambia: hapo tua, ondoa tiki, kisha endelea. LibreOffice anayopigia hesabu shangazi ina kisanduku hicho, na VLC, ile ya kuchezea video, pia hukupa nafasi ya kukataa. (Nyingine hazibishi hodi, hujiwekea tu, na hilo linaniudhi sana.) Programu itaingia vilevile. Bonyeza kitufe cha Windows, andika herufi mbili tatu za jina lake, itatokea. Ile ya kila siku ibandike kwenye mstari wa chini ya skrini (taskbar).

Kazi kubwa ilikuwa kumtoa hofu.

"Mwanangu, nikiifuta hii, si programu itapotea na madeni yangu?"

"La, shangazi. Tazama hapa pembeni."

Nikamwonyesha mshale mdogo kwenye kona ya chini ya ikoni, kushoto. Ikoni yenye mshale huo ni kama kibao cha kuelekeza dukani: king'oe, duka liko palepale. Akaifuta mwenyewe ile ya LibreOffice, kisha tukaifungua programu kupitia Start, na hesabu zake hizo, kamili.

Lakini faili la madeni halikuwa na mshale. Lile ndilo lenyewe, ukilifuta umelifuta, kwa hivyo tulilihamishia kwenye folda ya Documents. Tafadhali mwangalie sana anayeanza kabla hajashika kitufe cha kufuta.

Na ikoni nyingine ukiifuta, kompyuta itaomba idhini ya msimamizi. Usishtuke, ni kwa kuwa iliwekewa watumiaji wote wa mashine ile.

Wapo pia wanaofuta ikoni wakidhani wameiondoa programu, kisha wanashangaa diski bado imejaa. Ya kuondoa kabisa, ingia Settings, fungua Apps, itafute kwenye orodha na uchague Uninstall.