Ya Chumbani Niliyoiandikia Serikali

Kabla sijaolewa, somo yangu alinikalisha chini pale Mombasa akanifunza mengi, na moja lilikuwa hili: mume husitiriwa. Akilia usiku, akishindwa na kazi, akiogopa, hayo ni yako na yake na Mwenyezi Mungu. Sikudhani hata siku moja kwamba nitakuja kukaa mezani Tacoma, jimbo la Washington, na fomu ya serikali ya Marekani mbele yangu, nikiyaandika yote ambayo somo alinikataza kumwambia hata mama mzazi.

Haya nawaandikia wenzangu ambao waume zao, au wao wenyewe, walivaa gwanda la jeshi la huku, na sasa nyumbani mwao kuna jambo ambalo hakuna anayelitaja. Tuko wengi. Mtu alishinda bahati nasibu ya grini kadi, akafika, akaanza kazi ya kuwaogesha na kuwageuza wazee kwenye nyumba za kulelea, halafu akaona bango la jeshi: mshahara, bima, masomo ya bure, na uraia bila kungoja ile miaka 5. Mume wangu, Baba Zuhura, aliapa uraia akiwa bado mafunzoni Fort Jackson, South Carolina. Picha yake na bendera mamake aliitia fremu, na mpaka leo iko ukutani Lamu.

Kazi aliyopewa ilikuwa udereva wa malori. Nyumbani kila mtu alishusha pumzi, afadhali dereva, si mpiganaji. Lakini Kandahar, Afghanistan, mwaka 2011 dereva ndiye aliyekuwa akiwindwa. Mabomu yalitegwa kando ya barabara, ndani ya makalvati, chini ya lami iliyochimbuliwa na kufukiwa tena, na anayepita barabara ileile kila mara ni mleta mafuta na maji. Akaenda, akarudi. Mikono miwili, miguu miwili, meno yote. Tukachinja mbuzi.

Yaliyofuata hayakuja kwa kishindo. Alianza kuendesha gari katikati ya barabara, akikwepa mifuko ya taka iliyowekwa ukingoni. Kwenye arusi za Wakenya huku alichagua kiti cha mwisho, mgongo ukutani, macho mlangoni, na pilau ikifika mezani yeye kashatoka nje. Tarehe 4 Julai, Wamarekani wanapolipua fataki, alikuwa akilala bafuni. Kazi alizibadilisha mpaka nikaacha kuuliza kwa nini.

Mama mkwe alipopata habari alisema mwanawe katupiwa jicho. Akatuma zaafarani kwa msafiri mmoja ili tumwandikie kombe. Tuliandika, alikunywa, wala sijutii. Dua ni dua. Ila mama huyohuyo ndiye aliyenisimulia juu ya babu yake Baba Zuhura, aliyekuwa keya, akapelekwa Burma na Waingereza mwaka 1944 pamoja na askari wengine wa Afrika Mashariki. Alirudi akawa analala na panga chini ya mto, na mtaa mzima ukasema ana pepo la Burma. Keya wale walipewa kiinua mgongo kidogo kuliko Wazungu waliopigana nao bega kwa bega, na pepo halikulipiwa hata senti. Isitoshe, madaktari wa Marekani wenyewe waliuingiza ugonjwa huu kwenye orodha yao rasmi kwa jina la PTSD, yaani maradhi ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, mwaka 1980 tu, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kwisha. Kwa hiyo sishangai kwamba Lamu tunaita jicho.

Nilipomtajia habari ya kuomba fidia ya ulemavu kutoka VA, ile idara ya wanajeshi wastaafu, alikataa katakata. "Mama Zuhura, kuna watu wamerudi bila miguu. Mimi niende kudai nini?" Pia alihofia uraia wake, akidhani wataandika kwamba ni mwendawazimu kisha wamnyang'anye pasipoti. Hilo halipo. Fidia hii haigusi uraia wa mtu, wala si sadaka ya maskini. Ni malipo ya kilichoharibika kazini, na haikatwi kodi.

Kilichomgeuza ni Manda Bay. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliuvamia uwanja wa ndege wanaoutumia Wamarekani, palepale kwao Lamu, Wamarekani watatu wakauawa na ndege zikateketezwa. Vita alivyodhani amevifungia Kandahar vilikuwa vimehamia ng'ambo ya maji kutoka nyumbani kwa mamake. Hakulala wiki ile, wala hakumpokelea mtu simu. Mwishowe akasema, haya, leta hizo karatasi.

Karatasi zenyewe hazina uchawi. VA inataka mambo matatu: daktari aseme una ugonjwa sasa, kuwe na tukio jeshini, na mtaalamu aunganishe hili na lile. Hilo la pili ndilo liliwakwamisha wengi wasiokuwa askari wa mstari wa mbele, maana nani atathibitisha kwamba bomu lililipuka mbele ya lori lako kama hukupata nishani? Mwaka 2010 kanuni ililegezwa. Ikiwa tukio lako linahusu hofu ya adui au ya magaidi, likalingana na mahali na aina ya kazi uliyofanya, na mwanasaikolojia au daktari wa akili wa VA, au aliyepewa kazi na VA, akakubali kwamba linatosha kuleta ugonjwa huo, maneno yako mwenyewe yanaweza kutosha. Nimewaeleza jambo hili madereva, wapishi na makarani kadhaa wa kwetu, na karibu wote walikuwa hawalijui.

Ipo fomu ya kueleza tukio, namba 21-0781. Baba Zuhura aliniomba nimpigie chapa kwa sababu mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Akasimama nyuma ya kiti changu, akaanza kunisomea kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani: mwezi, wilaya, kikosi. Halafu akafika kwa mzee mmoja. Mzee huyo alikuwa akikaa kando ya barabara, na kila msafara ukipita Baba Zuhura alimtolea salamu, assalamu alaykum, na mzee akaitikia akiweka mkono kifuani. Siku bomu lilipolipua gari la mbele, mzee alikuwa palepale alipokaa siku zote. Sitayaandika hapa aliyoyaona. Niliyapiga chapa yote, nikiwa mkewe wa miaka mingi, na ndiyo mara ya kwanza kuyasikia. Akaniambia pia kwamba tangu siku hiyo adhana ikiadhiniwa huiona ile barabara. Mimi nilikuwa nikidhani amekuwa mvivu wa kwenda msikitini.

Baadaye ukaja uchunguzi, mahojiano na mwanasaikolojia aliyepewa kazi hiyo kwa mkataba. Hapo ndipo malezi yetu yanapotuangusha. Baba Zuhura alinyoa ndevu, akapiga pasi shati, akavaa viatu vya Idi. Akaulizwa habari za nyumbani, akajibu nzuri. Usingizi? Tunashukuru. Watoto? Wazima, alhamdulillahi. Mtu wa pwani hamwambii mgeni kwamba nyumba yake inaungua, hata kama moshi unatoka dirishani. Mwanasaikolojia akaandika alichokiona: mtu nadhifu, mpole, mwenye kazi na familia. Barua ikaja na asilimia 30 ya ulemavu.

Wapo watakaosema asilimia 30 ni neema, ushukuru unyamaze. Mimi naona shukrani ina mahali pake. Ngazi za magonjwa ya akili huko VA ni 0, 10, 30, 50, 70 na 100, na hazipimi ukubwa wa bomu. Zinapima maisha yanavyochechemea leo. Asilimia 30 ni mtu anayelegalega kazini mara mojamoja. Asilimia 70 ni yule ambaye sehemu nyingi za maisha yake, kama kazi, familia, fikra na hali ya moyo, zina pengo. Nilizisoma zile sifa usiku mmoja, na nikamtambua mume wangu pasipo shaka, wala si kwenye 30.

Kutoka siku ya barua una mwaka mmoja wa kuchagua njia: uombe afisa wa juu aipitie upya kesi kwa ushahidi uleule, upeleke ombi la nyongeza lenye ushahidi mpya, au uende mbele ya bodi ya rufaa. Sisi tulikuwa na ushahidi mpya, nao ulikuwa mimi. VA hupokea maelezo ya mashahidi, na mke anayelala nyumba moja na mgonjwa ni shahidi anayekubalika. Mara ya kwanza Baba Zuhura alikuwa amekataa nisiandike. Safari hii alinyamaza, nami nikakuhesabu kunyamaza kwake kuwa ruhusa.

Nikaandika. Mwanzoni zilinitoka sentensi za jumla tu, kwamba ana hasira, halali, amebadilika. Mzee wa DAV, chama cha wanajeshi wastaafu wenye ulemavu, aliyekuwa akitusaidia bure, akanirudishia. Akasema andika ulichokiona kwa macho yako. Basi nikaandika hivi: "Hulala kwenye kiti cha sebuleni kinachotazama mlango. Usiku mmoja binti yetu alikwenda kunywa maji, na kabla hajamtambua, mume wangu alikuwa amemkamata shingoni. Alimwachia papo hapo, akatoka nje, akakaa kwenye gari mpaka asubuhi. Tangu hapo tumemfundisha mtoto apige mluzi kabla ya kuingia sebuleni usiku." Msomaji wa Washington hakujua, lakini nyinyi mnajua, kwamba kwetu mtoto akipiga mluzi usiku huchapwa, maana anaita mashetani.

Tuliambatanisha na maelezo ya mshauri wake wa Vet Center. Hivi ni vituo vilivyoanza mwaka 1979 kwa ajili ya waliotoka Vietnam, viko kando na hospitali, ni bure kwa waliokwenda vitani, na kumbukumbu zao hazitolewi bila ridhaa yako. Na mke anapokelewa pia. Nimekwenda mwenyewe, nimekaa na wake wa Kimarekani, na nakwambia waume zao wanalala kwenye viti vilevile.

Barua ya pili ilikuja na 70, na kwa kuwa hatukuupitisha ule mwaka mmoja, malipo yalihesabiwa kutoka tarehe ya mwanzo. Kwa mwaka 2024 asilimia hiyo ilikuwa dola 1,716 na senti kwa mwezi kwa asiye na mke wala mtoto, na ukiwa nao huongezeka kidogo. Habari ilifika pwani kabla sisi hatujaizoea. Binamu mmoja akauliza kama PTSD inaweza kumjengea nyumba Likoni.

Hapa naomba niwe mkali kidogo. Kuna vijana, wengine wa kwetu kabisa, wanaozunguka kwenye sherehe wakiahidi kukupandisha asilimia kwa malipo ya nyongeza yako ya miezi kadhaa. Sheria hairuhusu mtu kutoza ada kwa kukuandalia ombi la kwanza. Wakili aliyeidhinishwa huanza kutoza baada ya uamuzi kutoka. DAV na vyama vingine vya wanajeshi wastaafu, American Legion na VFW, vina wawakilishi walioidhinishwa wasiotoza chochote. Ukiombwa pesa kabla ya uamuzi, ondoka.

Fedha hazikumponya. Kilichomsogeza ni tiba ya kulisimulia tukio lile kwa sauti mbele ya mtaalamu, likarekodiwa, kisha akajisikiliza nyumbani kila siku. Alikuwa akijisikiliza garini, madirisha juu. Alizidi kuwa mbaya kabla hajaanza kuwa afadhali, na hilo lisikushtue. Sasa swala ya Ijumaa anakwenda, anasimama safu ya nyuma karibu na viatu.

Juzi wifi yangu alinipigia kutoka Killeen, Texas. Mumewe naye alikuwa jeshini, naye ameanza kukwepa mifuko ya taka. Akanong'ona, kama mimi nilivyokuwa nikinong'ona. Nikamwambia ajue kwanza ile namba ya dharura ya wanajeshi wastaafu waliozidiwa moyoni: 988, kisha ubonyeze 1, usiku wowote ule. Pili, wapeleke leo notisi ya nia ya kuomba, hata kama hawajakusanya karatasi moja, kwa sababu inashikilia tarehe kwa mwaka mzima. Tatu, anunue daftari, na kila jambo analoliona aliandike siku hiyohiyo, na tarehe yake.

"Na akiniuliza naandika nini?" akasema.

"Mwambie ukweli, wifi. Na kalamu usiiweke chini."