Wifi, leo ulikuwa na haraka?

Tangu Jumapili kuna swali moja ambalo limekataa kunitoka kichwani. Tulikuwa mezani, supu ya njegere kavu imeshapakuliwa, na wifi yangu, ambaye nyote mnamfahamu tangu nilipoandika habari za harusi, akala vijiko viwili, akakilaza kijiko pembeni ya bakuli taratibu, kisha akaniuliza: "Wifi, leo ulikuwa na haraka?" Nikamjibu kwamba hapana, sufuria ilikuwa motoni tangu saa tatu asubuhi. Akasema, "Basi sawa," akaendelea kula.

Hiyo "basi sawa" ndiyo iliyonichoma kuliko swali lenyewe. Mume wangu amehamishiwa zamu ya usiku, na mama ametolewa mtoto wa jicho salama, namshukuru Mungu, lakini kila nilipokaa peke yangu wiki hii nilijikuta nikimjibu wifi upya. Nilimjibu nikifua, nikamjibu nikimsubiri daktari, na kila mara jibu langu lilikuwa refu zaidi.

Ukweli ni kwamba jino lake halikumdanganya. Njegere zilikuwa na kiini kigumu, kama chembe za mchanga ulimini, na supu yenyewe ilikuwa maji juu na punje chini, haikushikana. Ila haraka sikuwa nayo. Nilikuwa nimechukua gramu 500 za njegere zilizopasuliwa, nikazichambua na kuziosha, nikazitia katika lita 2 za maji pamoja na kipande cha mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, vitunguu, karoti na nyanya mbili. Njegere za namna hiyo zimeshamenywa ganda, hivyo hazihitaji kulowekwa, na kwa kawaida huiva kwa saa moja au moja na nusu. Zangu zilichemka kwa saa nne nzima na hazikukubali. Niliengua povu, nikaongeza maji, nikapunguza moto, nikauongeza, na wageni wakafika.

Siku ya Jumatatu ndipo nilipoitoa ile kopo nyuma ya kabati na kukumbuka kwamba tulihamia nyumba hii nikiwa nayo. Njegere zikikaa miaka hukauka kupita kiasi, na hata zichemshwe vipi, nyingine hazilainiki tena. Juu ya hilo nilikuwa nimetia nyanya mwanzoni kabisa, na uchachu huzuia punje zisivunjike. Makosa hayo mawili ni yangu na ninayakubali. Lakini haraka si mojawapo, na hilo ndilo nililotaka wifi alijue.

Alhamisi nilipika tena, safari hii kwa njegere mpya na bila nyanya. Nilivuta kiti nikakaa karibu na jiko, jambo ambalo sijalifanya kwa miezi mingi. Baada ya kama dakika 40 kingo za punje zilianza kulegea, kijani kikali kikafifia, na mwiko ulipopita chini ya sufuria uliacha mfereji uliojifunga polepole. Hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu supu hii ikishaanza kuwa nzito hushika chini na kuungua upesi, na harufu ya kuungua haitoki tena. Nyama iliachana na mfupa kwa kuguswa na uma tu. Nikaichambua, nikairudisha, nikaonja. Chumvi ya nyama ilikuwa imetosha, sikuongeza hata chembe, nikakamulia limau kidogo nilipokwisha kuepua. Nilikula bakuli la kwanza nimesimama, na kusema kweli nilikuwa na furaha kama mtoto.

Jioni nilimpelekea wifi chombo kimoja. Alifungua kifuniko, akanusa, akala palepale mlangoni, akaniambia, "Ee, wifi. Hii imepikwa na mtu aliyetulia."

Ile ya Jumapili ilinichukua saa nne. Hii ilinichukua saa moja na dakika kumi. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga tangu Jumapili yalikuwa mdomoni, lakini nilipomwona akikikwangua kijiko kwa ulimi nikasema tu, "Asante, wifi," naye akanishika mkono akaniuliza jicho la mama linaendeleaje.

Iliyobaki imeganda kwenye jokofu kama uji uliolala, maana ute wa mfupa ukipoa hushikana, na kesho itabidi niifungue kwa maji ya moto kikombe kizima. Tatizo ni jokofu lenyewe. Tangu jana usiku linagonga kila linapozima, mara tatu, kisha kimya, na mume wangu yuko zamu hadi asubuhi.