Pazia la viraka, Kisumu: lilipofikia

Kwa wenye wamekuwa wakifuata hii kazi, habari njema ni kwamba upande wa mbele umeisha, viraka vyote vimeshikana, limetundikwa mbele za watu na halikuraruka popote. Kwa wenye wanasoma mara ya kwanza, nashona pazia kubwa la kuwekwa nyuma ya jukwaa kwenye mkutano wetu wa sanaa, ule wa watu kwia (mashoga, wasagaji, watu trans na wenzao) wa Kisumu na huku kote magharibi, mashairi, muziki, mitindo, uchoraji, kila mtu anakuja na chake, na kila kiraka kimetoka kwa mtu wa jamii au mtu anayetupenda.

Wazo lilianzia kwa picha. Tukikutana hatupigani picha. Ukifika mlangoni unawekewa stika kwa kamera ya simu na hiyo ni sawa kabisa, maanake hapo ndani kuna mwalimu, kuna mwenye mamake hajui, kuna mwenye akionekana sura tu mahali kama hapo kesho yake landilodi anamtolea vitu nje. Lakini sasa tukimaliza, viti vikirudishwa, kila mtu akishika boda yake, hakuna kitu kinabaki cha kuonyesha tulikuwa hapo, tulicheza, tulipendeza, tulilia kidogo pia. Hiyo ilikuwa inaniuma sana. Nikawaza, kitambaa kinaweza kuonekana pale sisi hatuwezi.

Na kushona watu wako kwa kitambaa kuna wenye walifanya kabla yetu na lazima niwataje. Kule San Francisco mwaka 1985, Cleve Jones alipata wazo la kuwakumbuka waliokufa na ukimwi kwa vipande vya kitambaa, na Oktoba 1987 vikatandazwa chini pale Washington, vipande 1,920, kila kimoja futi 3 kwa 6. Hicho ni kipimo cha kaburi. Wengi wao hawakuzikwa kwa heshima, familia zilikataa, hata nyumba zingine za mazishi zilikataa, kwa hivyo kitambaa ndio kilikuwa kaburi lenyewe. Mimi nimekulia Nyanza, naelewa hiyo kitu bila kuelezwa, kuna maboma huku yalibaki na nyanya mmoja na wajukuu, na makaburi yamepangana nyuma ya nyumba.

Lakini letu sikutaka liwe na kipimo cha kaburi. Tuliongea sana juu ya hii na marafiki, jioni moja hadi chakula kikapoa, na tukakubaliana futi 2 kila upande. Ukikunja kitambaa cha futi 2 pembe kwa pembe unafunga kichwa uende sokoni. Ni kipimo cha mtu anayeishi. Viraka vinne kwenda juu, nane kwenda kando, jumla 32, kwa hivyo pazia ni futi 16 kwa 8.

Hiyo nane kwenda kando haikutoka hewani. Bendera ya upinde wa mvua ile ya kwanza kabisa, yenye Gilbert Baker na wenzake walitengeneza hapo hapo San Francisco mwaka 1978, ilikuwa na rangi 8, sio 6. Walikuwa wanatia rangi kwa mikono, watu wa kujitolea, na mmoja wa mafundi wakubwa wa hiyo kazi ya rangi alikuwa Lynn Segerblom. Ilianza na pinki, halafu nyekundu, machungwa, njano, kijani, feruzi, nili, zambarau. Pinki iliondolewa kwa sababu kitambaa chake hakikupatikana kwa wingi, yaani ni shida ya fundi tu, ile ile ya kila siku, na mwaka 1979 feruzi nayo ikatolewa ndio mistari igawanyike sawa. Na feruzi ndio ilikuwa rangi ya sanaa! Sasa mkutano wa sanaa tutaachaje rangi ya sanaa? Nikasema zote 8 zinarudi, kila safu ya kusimama rangi yake, Kisumu.

Kutafuta hizo rangi ndio sehemu nilifurahia kuliko zote. Kibuye siku ya Jumapili, ukifika mapema wakati marobota yanafunguliwa, kabla wale wa kuchagua kamera, yaani nguo za gredi ya kwanza, hawajapita na kubeba vizuri vyote. Mimi sikuhitaji kamera, nilihitaji rangi tu, kwa hivyo nilikuwa naenda kwa wale wa mapazia na mashuka, shuka iliyochanika katikati bado ina kitambaa kizuri pembeni na bei yake ni ya chini. Nyekundu na kijani ni rahisi. Njano nilitoa kwa gauni la sherehe lenye zipu imekufa. Feruzi ilinizungusha kweli kweli, unapata bluu ya anga, unapata kijani cha sare ya shule, ile ya katikati hakuna, nikamwonyesha mama mmoja kwa simu.

"Nyathina, mtoto wangu, rangi zote hizi unashona nini?"

"Pazia, mama."

"Ya kanisa?"

"Ya sherehe."

Akainama chini ya meza akatoa pazia la bafu la kitambaa, feruzi safi, akaniambia sherehe yenye rangi hivi hamtalala, na akaniongezea mto wa zambarau juu yake bila kunidai. Sikumwambia ni sherehe ya nani na sijui angesema nini. Lakini pazia la bafu lake liko safu ya sita na mto wake uko safu ya nane.

Sasa ufundi, kwa wenye wanashona. Shida ya viraka vya watu wengi ni kwamba kila mtu analeta kitambaa cha aina yake. Leso ni pamba nyepesi, kitambaa cha jinzi ni kizito, jezi inavutika, dera inateleza kama samaki mkononi. Ukiunganisha hivyo hivyo moja inavuta nyingine na pazia linapinda. Kwa hivyo kila kiraka nakiwekea mgongo wa merikani kwanza, nakishikiza kwa mkono pembeni kote, ndio naunganisha na vingine. Jezi naipiga pasi na ile kitambaa yenye gundi ya ndani ya kola, inatulia kabisa. Leso zote nafua kwanza na maji baridi na chumvi, nikiona maji yanabadilika rangi nafua tena, halafu ndio napima. Sindano namba 16 kwa jinzi, 11 kwa leso. Mishono naacha nusu inchi na naifungua kwa pasi pande zote mbili ndio isivimbe. Cherehani yangu ni ya kukanyaga na miguu, stima ikipotea kazi inaendelea karibu na dirisha.

Na viraka vyenyewe, sijui nianzie wapi. Rangi ya safu iko kwa fremu ya kila kiraka, inchi tatu kuzunguka, katikati mtu anaweka chake.

Kuna cha leso ya marehemu nyanya ya mtu, jina lake "Hasidi hana sababu", tukakata ndio maandishi yabaki mazima na kipande cha pindo kionekane, na mwenyewe alitaka kukata kwa mkono wake, akakata polepole sana na hakuna mtu aliongea. Kuna cha joho la kwaya, kutoka kwa mtu ambaye aliambiwa asirudi kuimba, aliimba sauti ya tatu miaka mingi, ameweka kola yake na kifungo kimoja. Kuna kijana anafanya kazi ufuoni upande wa Dunga akaleta wavu wa omena, wale dagaa wa ziwa, ule wa matundu madogo, tukautandaza juu ya kitambaa cha nili na kuushikiza kila kona, ukipigwa na taa unang'aa kama ziwa usiku wavuvi wakiwa na taa zao. Hicho kila mtu anakigusa.

Kuna bendera ya watu trans, wale ambao jinsia yao sio ile waliyoandikiwa wakizaliwa, samawati, pinki, nyeupe, pinki, samawati, ile Monica Helms alibuni mwaka 1999, na nimeipenda kama fundi kwa sababu ukiigeuza juu chini iko vile vile, hakuna vile unaweza kuitundika vibaya. Aliyeileta alishona mwenyewe yote, mishono imenyooka kuliko yangu.

Kutoka Nakuru kilikuja cha kumkumbuka mwandishi Binyavanga Wainaina. Alizaliwa Nakuru mwaka 1971, Januari 2014 akasema wazi kwamba yeye ni shoga, wakati ambapo karibu hakuna mtu anayejulikana hivyo hapa Kenya alikuwa anathubutu, na akafariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye, tarehe 24, Mahakama Kuu ikakataa kuondoa vifungu 162 na 165 vya sheria ya makosa ya jinai, vile vinatumika kuadhibu mapenzi ya jinsia moja, kimoja kifungo cha miaka 14 na kingine miaka 5. Wiki moja hiyo. Kiraka chake ni maua ya kushonwa kwa mkono, yale ya vitambaa vya viti vya sebuleni kila nyumba ya Bonde la Ufa ilikuwa nayo, na katikati herufi B peke yake.

Kutoka Eldoret kilikuja cha kumkumbuka Edwin Chiloba. Alikuwa mwanamitindo na mbunifu wa mavazi, kijana wa miaka 25, aliuawa na mwili ukapatikana ndani ya sanduku la bati Januari 2023. Aliyemuua alifungwa miaka 50 mwishoni mwa 2024. Kiraka kimeletwa na mshonaji mwenzake, ni jinzi imekatwa na kuunganishwa upya kwa vipande vya pembe tatu na uzi wa rangi ya dhahabu, kazi ya maridadi sana, na aliniomba kitu kimoja tu, kisiwekwe pembeni. Kiko katikati, safu ya nne, juu kwa macho ya mtu.

Kuna mwengine ameandika 33 kwa shanga na hakuna kitu kingine. Watu wakimuuliza anawaambia wasome Katiba ya 2010, kifungu cha 33, uhuru wa kujieleza, na imetaja ubunifu wa sanaa kwa jina. Yeye ndiye anatukumbusha kila mara pia kwamba Februari 2023 Mahakama ya Juu ilisema watu wetu wana haki ya kusajili shirika lao kama Wakenya wengine. Mwaka huo huo mbunge wa Homa Bay Town akatoka na mswada wa kubana hayo yote, kwa hivyo zile shanga anazishikiza na uzi mara mbili.

Siku yenyewe sasa. Mahali tulitumiwa asubuhi hiyo hiyo kama kawaida, kiwanja chenye ua mrefu, hema moja, chai na mandazi, mchana kuon, yaani ugali, na samaki na mboga za kienyeji. Pazia lilipandishwa na watu sita kwa mabomba ya hema, kamba zikakazwa, na lilipofunguka upepo wa ziwa ukaingia nyuma yake likafura lote. Kelele yenye ilipigwa hapo sitaisahau. Watu walikuwa wanatafuta viraka vyao, "hicho changu! kile pale!", mtu anavuta mwenzake kwa mkono.

Halafu dada mmoja akakaa mbele yake na nyatiti, kinubi cha Waluo. Nyatiti kimila ni ala ya wanaume, hata kukaa kwake na pete ya chuma ya mguuni ya kupigia mdundo ni mambo ya wanaume, na yeye alikaa chini akafunga pete akaanza kupiga na kuimba. Nyuzi za nyatiti ni 8. Hiyo hatukupanga, mtu nyuma ndiye aliona, rangi nane nyuma yake na nyuzi nane mbele, akapiga ukelele na wote tukaelewa kwa pamoja. Mashairi yakafuata, mengine ya Kiluo, mengine Kiswahili, kisha maonyesho ya mavazi, hapo sasa ndio nilijua kwa nini nilihangaika na upana, maanake mtu akitoka kando anatembea futi 16 zote na pazia nyuma yake, kila hatua rangi mpya. Jioni ohangla, ule muziki wa ngoma wa Kiluo, na mimi nilicheza mpaka viatu nikaviweka kando.

Kabla ya kulitoa tulifanya ile kitu ilikuwa lengo la kazi yote. Watu wote walitoka mbele, tukahakikisha hakuna hata kivuli cha mtu, halafu simu moja tu ikatolewa stika na picha ikapigwa ya pazia peke yake, lote, halafu kiraka kimoja kimoja. Usiku tukatumia wenye viraka ambao hawakuweza kufika. Mmoja yuko Kakamega kwa wazazi wake, hawezi kutoka bila kuulizwa anaenda wapi, kiraka chake kilikuja na boda na basi kikiwa kimefungwa ndani ya gazeti. Alinijibu kwa sauti, alikuwa ananong'ona, akasema hiyo picha anaweza kuiweka kwa simu yake wazi kabisa, babake akiiona ni pazia tu. Akasema, "Nilikuwa hapo. Niko safu ya tano, wa pili kutoka chini."

Yenye imebaki ni upande wa nyuma. Nataka kuweka kitambaa kimoja kizito cha rangi ya kahawia kufunika migongo yote, na vitanzi vya kupitisha bomba juu kila futi moja, maanake kwa kamba pembe za juu zilibeba uzito mwingi na mishono ya hapo naiongeza. Linakaa limeviringishwa, halikunjwi, ndani ya shuka safi na majani makavu ya mwarobaini kwa sababu ya wadudu. Wa Busia na wa Kisii mnasema mnataka viraka pia na nafasi imeisha kwa hili, kwa hivyo naanza la pili, kipimo ni kile kile, futi 2, acheni nusu inchi zaidi kila upande ya mshono, pamba ikiwezekana, fueni kwanza. Na mwenye ameona feruzi mahali popote anishikie hata kama ni mita moja.