Bei za Vitabu vya Kitaalamu Mtandaoni: Kosa Lisiloonwa na Mtu

Mwaka 2011, mtafiti mmoja katika maabara ya Michael Eisen, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kuinunulia maabara hiyo nakala ya ziada ya The Making of a Fly, kitabu cha Peter Lawrence kuhusu namna nzi anavyoumbika, ambacho kilitoka mwaka 1992 na wakati huo kilikuwa hakichapwi tena. Kwenye Amazon zilikuwapo nakala 17: nakala 15 zilizokwisha kutumika, za kuanzia dola 35.54, na nakala mbili mpya, moja ikiuzwa kwa dola 1,730,045.91 na nyingine kwa dola 2,198,177.95.

Eisen hakucheka tu na kupita. Alizifuatilia bei hizo siku baada ya siku, akagundua kwamba muuzaji wa kwanza alikuwa akipanga bei yake kila siku kuwa mara 0.9983 ya bei ya mwenzake, ili abaki chini yake kidogo, na kwamba baada ya saa kadhaa muuzaji wa pili alikuwa akiipandisha yake hadi mara 1.270589 ya bei ya wa kwanza. Ukizidisha namba hizo mbili unapata kama 1.268, maana yake kila baada ya siku tatu bei ilikuwa maradufu. Tarehe 18 Aprili ilifika dola 23,698,655.93, na gharama ya usafirishaji dola 3.99, ambayo kwa namna fulani ndiyo iliyobaki na akili timamu. Siku iliyofuata muuzaji wa kwanza alishusha bei hadi dola 106.23, na mwenzake akamfuata kwa uaminifu uleule hadi dola 134.97.

Nimepiga hesabu ya kurudi nyuma. Kama programu mbili za kompyuta zilizokuwa zikiwapangia wauzaji hao bei zilianzia karibu na dola 100, zilihitaji siku zipatazo 52 kufika kileleni. Yaani kwa muda unaokaribia miezi miwili hakuna hata mmoja wa wauzaji hao aliyefungua ukurasa wa kitabu chake mwenyewe. Kwa simu ya mkononi au riwaya inayosomwa na watu wengi jambo hilo lisingewezekana, kwa sababu wanunuzi wangepiga kelele siku ya kwanza. Kitabu cha fani finyu hakina umati wa kukilinda. Wanaokihitaji ni wachache, wametawanyika, na wengi wao, wakiona bei ya ajabu, hudhani kwamba ndiyo thamani ya kitu adimu, kisha hufunga kompyuta na kwenda maktaba.

Juu ya muuzaji wa pili, Eisen alikisia kwamba hakuwa na kitabu chenyewe. Alikuwa dalali: kama mtu angeagiza kwake, angekinunua kwa yule wa kwanza na kubaki na ziada kidogo, akitegemea kwamba mnunuzi angependelea muuzaji mwenye sifa nyingi nzuri. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha tatizo kwetu sisi tunaonunua kamusi na vitabu vya sarufi vya zamani. Bei ya dola milioni 23 haimdhuru mtu. Inayodhuru ni ile ya dola 400 kwa kitabu kinachostahili 40, kwa kuwa inaaminika, na mara nyingi inatoka kwa mtu ambaye hajawahi kukishika kitabu hicho wala hajui kama nakala ipo duniani.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana tarehe 12 Desemba 2014, pale programu ya kupanga bei iitwayo RepricerExpress ilipoharibika kwa takriban saa moja na kuzishusha bidhaa za wauzaji wadogo kwenye Amazon ya Uingereza hadi peni moja. Hapo umati ulikuwapo, tena haraka sana.

Makosa ya orodha za vitabu madukani ni ya kimyakimya zaidi, na kwa maoni yangu ni mabaya kuliko ya bei. Mengi huanzia kwenye ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Hadi mwisho wa 2006 namba hiyo ilikuwa na tarakimu 10. Tangu Januari 2007 ina 13. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki, yaani hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia ili kunasa makosa ya kuandika, nayo hukokotolewa upya pale namba ya zamani inapoongezewa 978 mbele, kwa hiyo karani anayebandika 978 na kuiacha tarakimu ya mwisho kama ilivyokuwa huenda akatengeneza namba isiyo ya kitabu chochote. Tena kanuni mpya ni dhaifu kidogo kuliko ya zamani: ile ya tarakimu 10 ilinasa kila kosa la kubadilishana nafasi kwa tarakimu mbili tofauti zilizo jirani, ilhali ya tarakimu 13 haioni kosa hilo ikiwa tofauti ya tarakimu hizo ni 5, kama 1 na 6 au 2 na 7. Kosa likipenya hapo, jalada, maelezo na bei ya kitabu kingine kabisa vinaweza kuhamia kwenye kitabu chako.

Vitabu vya Afrika Mashariki vina masaibu yake. Vilivyochapwa miaka ya 1950 na 1960 havina ISBN kabisa, hivyo duka hulazimika kuvipa namba zake za ndani, na kitabu kimoja hujikuta kina kurasa tatu zenye bei tatu zisizojuana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981 na toleo la pili likatoka 2004. Jina ni moja, kwa hiyo duka likichanganya matoleo, mtu anayetafuta la pili huletewa la kwanza, na muuzaji anaweza kujitetea kwamba jina aliloagiza ndilo alilopata. Taasisi iliyoiandaa, TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), iliunganishwa mwaka 2009 na Idara ya Kiswahili ya chuo hicho na kuwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), nazo orodha nyingi huziona kama wachapishaji wawili wasiohusiana. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Ludwig Krapf ya mwaka 1882 nayo hutangazwa kwa mwaka wa nakala iliyopigwa picha na kuchapwa upya juzi, kiasi kwamba mwanafunzi asiyeijua anaweza kuinukuu kama kazi ya karne hii.

Mimi nimejizoeza jambo moja kabla ya kulipa: humwomba muuzaji picha ya ukurasa wa hakimiliki, si ya jalada. Ukurasa huo kwa kawaida hutaja toleo na mwaka, na muuzaji mwenye kitabu mezani huutuma siku hiyohiyo. Asiye nacho hujibu kwa maneno matamu kuhusu ghala lililo mbali. Muuzaji mmoja niliyemwandikia kuhusu sarufi ya lahaja za mwambao hakunijibu chochote, ila kesho yake bei ilikuwa imepanda, nadhani kwa sababu programu yake ilihesabu udadisi wangu kuwa ni soko. Sikununua mbuzi kwenye gunia; nilikipata baadaye kwa muuzaji wa mitumba ambaye hata kichwa cha kitabu alikuwa amekiandika kimakosa, akiwa ameacha herufi mbili, na ndiyo sababu kompyuta za wenzake hazikuwa zimekiona.

Nilimwandikia kumshukuru, na nikamweleza tahajia sahihi. Hadi leo hajairekebisha.