Barabara ya Kasenga: makala, mukula na risiti

Ukitoka Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, alfajiri kwa barabara ya Kasenga, makala utayaona kabla hujauona msitu. Baiskeli zinakuja mjini moja nyuma ya nyingine, kila moja na magunia matatu au manne yaliyofungwa kwa kamba za mpira, mwenyewe anasukuma kwa miguu. Nilipanda lori lililokuwa linakwenda Kasenga kuchukua samaki, nikakaa mbele na dereva.

Kilomita nyingi za mwanzo ni vichaka, mashamba ya mahindi na vichuguu vikubwa vilivyomegwa ubavuni ili kufyatua matofali. Matofali hayo husahaulika watu wanapozungumzia kuni, ingawa tanuri moja la kuyachoma hula magogo mazima kwa siku kadhaa.

Kwenye bariyeri ya kwanza, kizuizi cha kulipisha magunia, nilimwuliza kijana wa risiti kama anaangalia makala yametoka msitu gani. "Papa, mimi ninalipisha gunia tu. Mambo ya miti iko kwa watu wa mazingira." Alisema kweli. Sheria ya misitu ya Agosti 2002 inadai kibali cha kukata kuni na kuchoma makala, tena kuna kodi ya kupanda miti upya. Lakini mapato rahisi yako barabarani, na magunia yakiongezeka, risiti nazo zinaongezeka. Kizuizi cha namna hiyo hakina sababu ya kutaka magunia yapungue.

Lori lilipopata pancha karibu na kijiji kimoja, nilifuata njia ya miguu hadi kwa wachomaji. Walikuwa wamekata muputu na mutondo, miti mikubwa ya miombo. Magogo hupangwa juu ya fito zilizolazwa chini ili hewa ipite, manene yakae katikati, membamba yazibe mianya. Juu huja majani mabichi, kisha mabonge ya udongo yaliyochimbwa kwa jembe. Mlango wa moto huachwa upande upepo unakotoka. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito, maana ni maji yanayotoka. Ukiwa mwembamba wa rangi ya bluu, makala yameiva na matundu yazibwe. Tanuri hilo la udongo likishaanza kuporomoka lazima mtu akeshe: ufa mmoja usiozibwa huingiza hewa, na asubuhi unakuta majivu.

Tanuri la udongo hutoa makala kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wa kuni kavu. Ukishika 12.5, gunia la kilo 50 limekula kilo 400 za kuni. Kuni zikikauka wiki kadhaa kabla ya kuchomwa, mavuno huongezeka, na kila mchomaji anajua hilo. Mbona basi wanachoma mbichi? "Baba, nikiacha magogo hapa mwezi mzima, mwingine atakuja na karatasi yake atayabeba," mmoja alinijibu. Ardhi ni mali ya serikali, chifu ameruhusu kwa mdomo, mfanyabiashara wa mjini ana kibali chenye mhuri. Kwa hiyo mkataji anaharakisha, na haraka yake inaongeza miti inayoanguka. Amri ya Agosti 2014 inaruhusu kijiji kupewa msitu wake, hadi hekta 50,000, bila ukomo wa muda. Lakini faili linataka ramani, vikao vya wenyeji na safari za kufuata saini mjini, na kijiji kisicho na mfadhili hukwama kwenye ramani.

Miombo si dhaifu. Kisiki kilichokatwa chini huchipua, mradi moto usipite mwezi wa tisa au wa kumi, nyasi zikiwa kavu kabisa. Lakini hapa visiki vinafuatwa na jembe la mahindi, kisha moto, na hakuna aliyepewa kazi ya kusimamia hayo.

Mbele zaidi dereva alinionyesha uwanja mtupu uliokuwa na rundo la mukula, ule mti mwekundu uliopendwa China. Kibali cha kupasua mbao kwa mikono ni cha Mkongomani peke yake, kwa hiyo wageni walijificha nyuma ya majina ya wenyeji. Magogo yakapita mpaka wa Kasumbalesa hadi Zambia, ambayo mwaka 2017 ilizuia mamia ya malori. Ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ulikuja 2019, wakati maeneo mengi yalikuwa yamekwisha kuvunwa.

Huko mjini, nyaya zinazoleta umeme wa bwawa la Inga, huko magharibi mwa nchi, hadi mji wa migodi wa Kolwezi zilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na migodi ndiyo mteja mkubwa. Mitaa inakatiwa umeme, kwa hiyo hata mwenye jiko la umeme anaweka mbabula, yaani jiko la makala, na gunia uani. Ukipiga marufuku makala bila kugusa hilo, umepandisha bei tu.

Kasenga, nilimkuta mtumishi wa mazingira kwake. Hana pikipiki, hana ramani. Kibali anachosaini kinataja jina la kijiji, basi. Nilipomwuliza miti mingapi imebaki, alinifungulia kitabu cha risiti. Kisha akamgeukia dereva: je, wakati wa kurudi lori litakuwa na nafasi ya magunia mawili? Dada yake anakaa Lubumbashi, na mtaani kwake umeme haujarudi.