Nilivyoifufua Diana 27 ya mwaka 66 kwenye meza ya jikoni

Utotoni Tanga tulikuwa na jirani, mzee mstaafu wa reli, ana bunduki ya upepo ya kutwangia kunguru. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kumshikia kopo la risasi tu, kuigusa thubutu! Ila nembo yake sikuisahau, mwanamke kanyanyua bunduki juu kwa mkono mmoja. Nilikuja kujua ukubwani kwamba huyo ni Diana, mungu wa mawindo wa Warumi, na pale kwenye picha upinde wake kautupa chini. Kiwanda ni Mayer & Grammelspacher cha mji wa Rastatt, Ujerumani, kimeanza 1890.

Sasa niko Ujerumani nabeba boksi miaka mingi, Jumapili moja kwenye soko la mitumba nikaiona imeegemezwa kwenye baiskeli mbovu. Diana modeli 27. Babu anataka euro 60, tukavutana wee tukaishia 45 na kwa bei hiyo nilijua lazima ina ugonjwa.

Kabla sijatoa hela niliangalia vitu viwili tu. Kwanza imetengenezwa wapi, maana baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashine za Rastatt zilibebwa zikapelekwa Uskoti kwa kampuni ya Milbro pale Motherwell, pamoja na jina lenyewe la Diana, ndo maana kuna Diana zimeandikwa Made in Great Britain, na Wajerumani waliporudi kutengeneza miaka ya 50 ikabidi zao zinazouzwa Uingereza waziite Original. Hizo za Uskoti sio mbovu, ila mimi nilitaka ya Rastatt. Pili tarehe. Wanagonga namba ndogo ubavuni mwa bomba karibu na kitako, yangu imeandikwa 05 66, yaani Mei 1966. Hiyo ina maana kisheria pia, hapa bunduki ya upepo mpya lazima iwe na alama ya F ndani ya pembetano, nguvu isizidi joule 7.5, lakini zilizoingia sokoni kabla ya 1970 hazidaiwi hiyo alama. Ukiwa na miaka 18 unamiliki bila leseni. Kutembea nayo mkononi ndo usijaribu! Mimi niliirudisha nyumbani ndani ya kasha la gitaa lenye kufuli, mtu mweusi na kasha refu kwenye treni, jamaa wa mbele yangu akaniuliza napiga muziki gani nikamwambia dansi la zamani.

Nyumbani nikaijaribu kwenye kopo la maharage, risasi ikagonga ikadondoka chini kama punje ya mahindi. Hewa inavuja. Ndani kuna springi inayosukuma pistoni, na kichwani mwa pistoni kuna washa ya ngozi, kitu kilekile cha kwenye pampu ya baiskeli au karabai, ngozi ikikauka hakuna upepo. Kwa hiyo tatizo nilikuwa nalijua tangu kwa mama, tabu ni kuifikia.

Hapo sasa sikilizeni vizuri. Ile springi imekaa imebanwa, ukichomoa pini mbili za nyuma kichwakichwa inakurukia usoni. Nilitumia klempu ndefu ya seremala nikailegeza taratibu. Nikashangilia mapema, kumbe triga yake inashikwa na gololi tatu, zikamwagika zote, mbili nikazidaka ya tatu ikaingia chini ya friji. Mama watoto karudi kazini akakuta friji iko katikati ya jikoni na mimi nimelala kifudifudi na tochi, hakuuliza kitu.

Ngozi ilikuwa ngumu kama kwato ila haijachanika. Nikailoweka siku mbili kwenye mafuta ya kwato za ng'ombe, yanauzwa kwenye maduka ya vifaa vya farasi, ikalainika kabisa. Kurudishia gololi nilizipaka grisi nzito zishike kwenye vitundu vyake, bila hivyo utalia. Kosa langu likawa kutokukamua ile ngozi, risasi ya kwanza ikapiga mlio kama baruti na moshi ukatoka mtutuni, mafuta yalilipuka kwa mgandamizo kama injini ya dizeli. Nikaifuta upya, baada ya risasi kama 20 ikatulia, na lile kopo likatobolewa.

Bastola za upepo za zamani bado zinanishinda bei, hasa Walther LP53. Hiyo ndo Sean Connery kaishika kwenye picha za matangazo za James Bond, kumbe ni ya upepo tu, ilikuwa mali ya mpiga picha. Hiyohiyo iliuzwa mnadani London 2010 zaidi ya pauni laki mbili na nusu!

Juzi nikampigia kaka yangu Tanga video nimwoneshe ikilia. Akacheka sana, akaniuliza, sasa huko kunguru wapo?